Katiba ya Nchi na Sanduku la Mama

Ndugu msomaji, ukiiacha Ifakara na kushika njia ya Mlimba, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wako wa kuume na bonde la mto Kilombero mkono wa kushoto, utaipita Mbingu, utaipita Mngeta, ndipo ufike Chita. Mvua ikiwa imenyesha, usiulize safari ni ya saa ngapi. Mimi huenda huko mara moja au mbili kwa mwaka kwa kuwa dada yangu ameolewa huko, na pia, nisiwe mnafiki, kwa kuwa mchele wa huko ni mtamu.

Safari hii nilifika jioni. Mpwa wangu wa kike, aliye kidato cha nne, alinipokea mzigo, akaniamkia, kisha akarudi barazani kwenye masomo yake. Alikuwa akitembea huku na huko, daftari amelikumbatia kifuani, macho ameyafumba, akikariri kwa Kiingereza maneno ambayo kwa lugha yetu yangekuwa hivi: katiba ni jumla ya sheria na kanuni za msingi zinazoongoza namna nchi inavyotawaliwa. Akakariri mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne neno moja likampotea. Akafungua daftari, akalitafuta, akaanza upya.

"Hili hupenda kutoka kwenye mtihani, mjomba," akaniambia.

Nikamwuliza, "Na hiyo jumla ya sheria, mwanangu, ni nani aliyeiweka, na amemwekea nani?"

Alinitazama kwa huruma, kama vijana wanavyotutazama sisi tuliosoma zamani, akasema kwa adabu, "Hilo halimo katika daftari, mjomba."

Sikumcheka, wala wewe usimcheke. Mtoto huyu hana kosa. Ameambiwa kwamba Katiba ni jibu, naye analitafuta jibu apate maksi zake. Lakini nilipokuwa nikinawa mikono kwa ajili ya chakula nilitambua kwamba anaijua katiba kuliko anavyodhani. Katika chumba cha pili cha nyumba ile ile, chini ya kitanda cha mama yake, kulikuwa na sanduku la chuma lenye makufuli matatu.

Wasomaji wa vijijini hawahitaji kuelezwa sanduku hilo. Kwa ajili ya msomaji wa mjini niseme kwamba ni sanduku la kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa. Dada yangu ndiye mtunza sanduku. Kila usiku huzilalia fedha za wenzake ishirini na kitu, naye hana hata ufunguo mmoja. Funguo zimo mikononi mwa wanawake wengine watatu, nao wamechaguliwa makusudi kutoka pande tatu za kijiji. Hakuna awezaye kulifungua akiwa peke yake, na wote watatu wakikutana hawalifunguii gizani, bali mbele ya mkutano, wanachama wakihesabu kwa sauti. Kikundi kina katiba yake, kurasa nne za daftari la mistari, ambayo chini yake kuna saini za wanaojua kuandika na alama za dole gumba za wasiojua. Imeandikwa humo kwamba uongozi ni wa mwaka mmoja, kwamba mwekahazina aweza kuondolewa na kwa njia gani, kwamba anayechelewa hutozwa faini hata akiwa mwenyekiti, na kwamba katiba yenyewe haibadilishwi na kiongozi kwa kupenda kwake.

Sasa, ndugu msomaji, ichukue Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, uisome polepole. Ibara ya 8 inasema kwamba mamlaka yote ya Serikali hutoka kwa wananchi. Ibara ya 4 inayagawa mamlaka hayo mafungu matatu: utendaji, utungaji wa sheria, na utoaji wa haki. Ibara ya 40 na ya 42 zinamwekea Rais vipindi viwili basi, kila kimoja cha miaka mitano. Ibara ya 98 inasema kwamba kuibadili Katiba kunataka kura za theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo mazito kama vile kuwapo kwa Muungano wenyewe, theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Hilo ni sanduku la dada yangu, ila ni kubwa zaidi. Mwalimu akianzia chini ya kitanda hicho, hatakuwa na haja ya kumkaririsha mtoto neno mgawanyo wa madaraka. Mtoto mwenyewe atalisema, kwa sababu alilala katika nyumba ile miaka yote na hajaona siku mama yake amechukua shilingi.

Mwalimu mwema hataishia hapo, maana mwanafunzi mwerevu atanyosha mkono. Atasema: mbona mawaziri wetu ni wabunge? Mbona Katiba yenyewe inasema kwamba Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge? Mbona majaji huteuliwa na Rais? Kwani hapo funguo hazikugusana? Baadhi ya walimu huona swali kama hilo ni utovu wa adabu, au huogopa kwamba lina siasa. Mimi naona ndilo swali la kwanza lenye maana katika somo zima. Nchi nyingi zimezigawa funguo zao kwa namna mbalimbali, na kila namna ina sababu yake na hatari yake. Mtoto apewe sababu zote mbili, aachwe apime.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu katika bonde hilo, alinisimulia jinsi alivyofundisha utawala wa sheria miaka mitatu bila kueleweka. Alikuwa akiandika ubaoni, wanafunzi wakinakili, basi. Siku moja aliingia darasani na fimbo, kama kawaida, akaandika kichwa cha somo. Mvulana mmoja wa nyuma akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, hiyo fimbo umepewa na nani?"

Darasa likanyamaza kana kwamba nyoka ameingia. Rafiki yangu angeweza kujibu kwa fimbo yenyewe, na anakiri kwamba mkono ulimwasha. Badala yake akasema, "Nitakujibu kesho." Usiku ule alitafuta, akazipata kanuni za mwaka 2002 zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu. Kesho yake akawasomea. Adhabu ya viboko haitolewi na kila mwalimu, ni ya mkuu wa shule, au ya mwalimu ambaye mkuu amemruhusu kwa maandishi. Isizidi viboko vinne. Msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike. Na kila adhabu iandikwe katika kitabu. "Mimi," rafiki yangu akawaambia, "sina maandishi hayo." Akaiweka fimbo juu ya kabati.

Usinielewe vibaya. Hapa sibishani juu ya viboko, hilo lina siku yake. Nasema kwamba kwa dakika kumi watoto arobaini waliona kwa macho yao jambo ambalo miaka mitatu ya chaki haikuwaonyesha: kwamba aliye mbele yao na fimbo ana mamlaka, kwamba mamlaka hayo aliyapewa, na kwamba mahali fulani yanakoma. Ukimwuliza mtoto maswali hayo mawili, yametoka wapi na yanakoma wapi, juu ya mwalimu, juu ya mtendaji wa kata, juu ya mkuu wa wilaya, juu ya Rais, umemaliza nusu ya kazi ya kufundisha Katiba.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, na hapo mfano wa sanduku huanza kuchechemea. Mwanamke asiyeridhika na kikundi hujitoa, akachukua akiba yake, akaenda zake. Raia hawezi kujitoa katika nchi akachukua fungu lake la ardhi na anga. Basi wengi wakikubaliana kumdhulumu mmoja, huyo mmoja atakimbilia wapi? Hapo ndipo penye kazi ya haki za msingi.

Vijana wetu wengi hudhani kwamba haki hizo zilikuwamo tangu Uhuru. La hasha. Mwaka 1961 viongozi wa Tanganyika walikataa kuziingiza katika Katiba, wakihofia kwamba mahakama, ambazo majaji wake karibu wote walikuwa wageni, zingeizuia Serikali changa katika haraka yake ya kujenga nchi. Katiba ya Jamhuri ya mwaka 1962 haikuwa nazo, wala ile ya muda ya mwaka 1965 iliyozitaja katika utangulizi tu. Ziliingia kwa mabadiliko ya mwaka 1984, baada ya mjadala uliowashirikisha wananchi nchi nzima, nazo zikaanza kuwa Katiba mwezi Machi mwaka 1985. Hata hivyo Serikali ilipewa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake, hivyo mpaka Machi 1988 mwananchi hakuweza kwenda mahakamani kuzidai. Ibara ya 12 hadi ya 24 ni haki, na ya 25 hadi ya 28 ni wajibu. Aliyezaliwa mwezi ambao haki hizo zilianza kudaiwa mahakamani bado hajawa mzee.

Nataka kila msichana wa Chita akijue kisa cha mama mmoja wa Muleba, mkoani Kagera, jina lake Holaria Pastory. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Alipozeeka, akakosa wa kumtunza, akaliuza mwezi Agosti 1988 kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akamshitaki. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa mila za Wahaya, zilizokuwa zimeandikwa kuwa sheria mwaka 1963, mwanamke hulitumia shamba la ukoo maishani mwake, lakini hana ruhusa ya kuliuza, ingawa mwanamume anayo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na mpwa. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, naye tarehe 22 Februari 1990 akafungua Katiba kwenye ibara ya 13 inayokataza ubaguzi. Akaamua kwamba mila ile haiwezi kusimama mbele ya Katiba, na kwamba tangu siku hiyo mwanamke ataweza kurithi na kuuza kama mwanamume. Ukoo hakuunyang'anya kila kitu: mwana ukoo anayelitaka shamba alikuwa huru kulikomboa, mradi amlipe mnunuzi bei aliyolinunulia. Sharti ni moja kwa wote, awe ameuza mwanamke au mwanamume.

Lifikirie hilo, ndugu msomaji. Bibi mzee, shamba la kijijini, na kitabu kilichotungwa mbali. Mwalimu akiwa na kisa hiki, ana haja gani ya kuwaandikisha watoto faida sita za kuwa na katiba?

Kuna kikwazo kingine ambacho tusikifumbie macho, nacho ni lugha. Zamani Elimu ya Siasa ilifundishwa sekondari kwa Kiswahili. Somo lile lilikuwa na kasoro yake, lilieleza mno na kuuliza kidogo, lakini angalau mtoto alielewa alichokuwa akielezwa. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, likaja somo la Uraia, na katika sekondari likafundishwa kwa Kiingereza. Hapo kikazaliwa kichekesho: Katiba tunayo kwa Kiswahili, Bunge hujadili kwa Kiswahili, mwalimu na mwanafunzi hununua vitumbua kwa Kiswahili, lakini ili mtoto ajue ibara ya 13 inampa nini, sharti aivushe kwanza ng'ambo ya bahari kisha airudishe. Mpwa wangu aliipotezea njiani, ndiyo maana alifumba macho. Mtaala uliotolewa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili. Nalipokea kwa mikono miwili, kwa sharti kwamba tusikariri kwa Kiswahili yale yale tuliyokuwa tukikariri kwa Kiingereza.

Jioni ile ile mzee mmoja jirani, aliyekuja kunijulia hali, alituuliza swali lake. "Mkishawafundisha haki zote hizo," alisema, "nani atakwenda kuamia ndege?" Tulicheka, lakini swali lake si la kijinga. Anayelijua bonde anajua kwamba msimu wa mpunga jamaa nzima huhamia mashambani, na ndege hawangoji shule ifungwe. Nilimjibu kwamba Katiba ile ile ina ibara ya 25 inayosema kazi ni wajibu, ya 26 juu ya kutii sheria, ya 27 juu ya kulinda mali ya umma, na ya 28 juu ya kulilinda taifa. Chita pana kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, hivyo vijana wa hapo huuona wajibu ukitembea barabarani umebeba jembe. Tena ibara ya 30 yasema haki ya mtu isitumiwe kuharibu haki ya mwingine. Mzee aliridhika na ibara ya 25. Hiyo nyingine sina hakika.

Alipoondoka, dada yangu alinieleza jambo ambalo hakutaka kulisema mbele yake. Rafiki wa binti yake, wa darasa hilo hilo, alikuwa ameletewa posa. Mavuno yalikuwa yamekuwa mazuri kwa mwoaji. Baba wa msichana alisema sheria inamruhusu, na kwa nusu moja hakuwa akidanganya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, inaruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, na hata wa 14 kwa kibali cha mahakama, huku mvulana akitakiwa afikishe 18. Lakini tarehe 8 Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Bi Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja ivirekebishe. Serikali ikakata rufani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka ule mmoja ulipita, na mingine ikafuata, kabla Bunge halijavigusa. Huu nao ni mfano wa funguo tatu: aliye na ufunguo wa hukumu hana ufunguo wa kutunga sheria.

Nusu ambayo baba yule hakuisema ni hii. Kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu yaliyofanywa mwaka huo huo wa 2016, kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari ni kosa la jinai, na kifungo chake ni miaka thelathini.

"Yeye anajua hayo?" nilimwuliza mpwa wangu.

"Mwenzangu?" Akafikiri. "Anajua tafsiri ya katiba, mjomba. Anaijua kunishinda."

Asubuhi walikwenda wawili, yeye na mama yake, kumwona mwalimu wa malezi. Posa ile imesimama. Sisemi imekwisha, nasema imesimama.

Siku mbili baadaye ilikuwa siku ya kikundi. Mwanachama mmoja alikuwa na mtoto wa kupelekwa hospitali Ifakara, akihitaji mkopo wa haraka. Wanawake walikaa, sanduku likaletwa katikati, funguo mbili zikatolewa. Wa tatu hakuonekana. Alikuwa shambani, upande wa mtoni, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya kanga yake. Baadhi wakasema kufuli livunjwe, mtoto ni mgonjwa. Wengine wakasema kufuli likivunjwa leo kwa sababu njema, kesho litavunjwa kwa sababu nyingine. Walibishana karibu nusu saa. Mwishowe waliokuwa na fedha mkononi walimchangia mama yule nauli, na kijana wa bodaboda akatumwa shambani. Alirudi saa tisa alasiri, mwenye ufunguo nyuma yake, matope mpaka magotini. Makufuli yote matatu yakafunguliwa, fedha zikahesabiwa kwa sauti.

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Watu walipotawanyika akamwuliza mama yake, "Na angekataa kuja?"

Dada yangu alilitafuta jibu katika zile kurasa nne. Alizisoma zote, mbele na nyuma.

"Hatukuliandika," akasema.

Mkutano wao wa mwaka, ambao ndio pekee unaoweza kuibadili katiba hiyo, hufanyika baada ya mavuno. Binti aliniomba kalamu.